NOC imeondoka, sasa kuna karatasi nyengine

Anayetoka Ruwi kwenda Qurum lazima apite Wattaya, na maduka yake ya magari anayajua. Wauzaji, mafundi na makarani wa vipuri wa maeneo kama haya ndio tunaowakusudia leo, khasa walio wageni.

Tokea tarehe 1 Januari 2021 mfanyakazi mgeni wa Oman aliyemaliza mkataba wake hahitaji tena NOC ya tajiri wake wa zamani ili ahamie kwa mwengine. Tulifurahi sana siku ile. Tusisahau kuwa tokea Julai 2014 aliyekosa barua hiyo alitakiwa akae nje ya nchi miaka miwili kabla ya kurudi kwa tajiri mpya. Watu walirudi Unguja na Mombasa mikono mitupu kwa ajili ya saini moja tu.

Lakini sasa tunasikia habari nyengine. Ndani ya mkataba unakuta sharti kwamba ukiacha kazi hutofanya kazi kama ile, mahali popote Oman, kwa miaka kadhaa, na ukivunja utalipa maelfu ya riali. Fundi anatia saini kwa kuwa anataka kazi. Kisha akipata mshahara bora duka la pili anaogopa kuondoka. Hivi hiyo si NOC ile ile iliyobadilishwa kanzu?

Sheria haisemi hivyo wanavyotishwa. Sheria ya Miamala ya Kiraia, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 29 ya mwaka 2013, inakubali sharti la namna hii kwa mfanyakazi ambaye kazi yake inamfikisha kwenye siri za tajiri au inamjulisha wateja wake. Hata hapo, sharti liwe na mpaka wa muda, mahali na aina ya kazi, kwa kiasi cha kulinda maslahi ya haki ya tajiri, basi. Na hiyo fidia ya maelfu, hakimu anaweza kuipunguza ilingane na hasara iliyopatikana kweli.

Basi tuulize, anayebadilisha breki na mafuta ya injini ana siri gani? Meneja wa mauzo mwenye orodha ya wateja wakubwa, huyo ni jambo jengine, na tajiri ana haki ya kujilinda naye. Hatusemi matajiri wote ni madhalimu.

Wanaofanya kazi kwa kandarasi wana hali ngumu zaidi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2023 ni ya waajiriwa, wao wanabaki na mkataba wao na sheria ya kiraia tu. Na mtu anayelipwa kwa kila gari akikatazwa kwenda kwa mwengine, wakati huku hana likizo wala kiinua mgongo, anakula wapi?

Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mikataba inayozuia biashara, na mahakama inaweza kulibatilisha sharti lisilo la kiasi. California masharti haya hayana nguvu tangu 1872, na biashara zake hazikufa.

Kwa hivyo ndugu yetu, kabla ya kutia saini mtafute anayejua Kiarabu akusomee mpaka ukurasa wa mwisho, uombe nakala yako uende nayo nyumbani. Na aliyekwisha kutia saini asikubali kutishwa kwa simu. Tajiri anayedai ana haki aende mahakamani akaithibitishe.