Kila uchifu uajiri msomaji wa ramani

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakishatoka, wazazi wa hapa Bunia huanza kunitafuta. Mtoto amepata asilimia nzuri, anataka kusomea jiografia, sasa tumkataze vipi? Baba mmoja wa mtaa wa Mudzipela alinipa hoja yake bila kuizunguka: "Mwalimu, udaktari una hospitali, sheria ina mahakama. Jiografia ina nini zaidi ya chaki?" Nimelisomea somo hili papa hapa mjini na ninalifundisha hadi leo, lakini sikumkasirikia. Sisi walimu ndio tuliolifanya kuwa orodha ya mito ya Kanada inayokaririwa usiku wa kuamkia mtihani.

Hebu shika barabara ya Kasenyi. Ukishapita Bogoro, nchi inakatika. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi, na baina yao unashuka ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ni mwamba mgumu wa kale. Chini ni mchanga na matope yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka kadiri sakafu ya bonde ilivyozidi kudidimia. Ng'ambo ya ziwa, katika matabaka ya namna hiyo hiyo, Uganda iligundua mafuta mwaka 2006, na njia ya bomba lake hadi Tanga ina kilomita 1,443. Mwanachuo anayemaliza jiografia Bunia bila kushushwa mteremko ule na kuulizwa ukuta huu umetoka wapi, amelipa ada ya bure.

Najua nitajibiwa habari za usalama. Ni kweli, tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi na kuna vijiji ambavyo hakuna mwalimu mwenye akili atakayepeleka wanafunzi. (Jaribu pia kumweleza askari wa kwenye kizuizi kwamba nyundo iliyo mkobani ni ya masomo, hukwenda kutafuta dhahabu.) Lakini mawe yapo hata mjini, na visima, na machimbo ya udongo wa matofali. Tuanzie hapo.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba jiografia tumeitenga na jiolojia. Ya kwanza tumeikabidhi kwa watakaoshika chaki. Ya pili vijana wetu huifuata mbali, Lubumbashi kwa mfano, na kijana akishazoea shaba ya Katanga, kumrudisha kwetu Djugu ni kazi. Wakati huohuo mkoa huu wa Ituri uliandikiwa historia yake na watu waliojua kusoma mawe. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu kwenye kijito karibu na Kilo. Kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926, dola likaichukua 1966. Nyaraka nyingi za kijiolojia za enzi ya Wabelgiji zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Mongbwalu, mji wetu wa dhahabu, anayetaka kujua kilichopimwa chini ya shamba la babu yake inabidi aulizie Ulaya.

Na ukifika Mongbwalu utakuta maprofesa wasio na cheti. Mchimbaji anajua mshipa wa kwazi unapoingia, unapopinda, unapopotea. Asichofundishwa ni kwa nini shimo linamwangukia. Mwamba wa kwetu, kwa joto na mvua za miaka isiyohesabika, umeoza hadi chini sana ukawa udongo mwekundu ambao kiangazi husimama wima kama ukuta wa nyumba. Mvua ikinyesha, maji hujipenyeza ndani, uzito unaongezeka, chembe zinaachiana. Anayechimba chini kufuata mshipa naye amekwisha kuukata mguu wa ukuta huo. Mwanachuo aliyejifunza pembe ya mteremko na mwendo wa maji ardhini angeweza kumwambia PDG wa shimo, yaani mwenye shimo, kwamba ngazi zikatwe hapa na mfereji upitie pale. Na yeye angerudi darasani amefundishwa habari za mshipa. Wala kazi hiyo haihitaji maabara.

Kuna na upande wa karatasi. Vibali vya madini nchini Kongo hugawiwa kwa miraba ya takriban hekta 85, iliyochorwa kwenye ramani ya Kadasta ya Madini. Sheria ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa uchifu, sekta au mji ambamo mgodi upo, na kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji. Chifu atadai vipi haki hiyo ikiwa hakuna ofisini mwake anayeweza kuonyesha mraba unaanzia bonde gani na kuishia mlima gani? Na tusisahau kwamba vita vya 1999 katika Djugu vilianzia kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Basi vyuo vya Bunia viunganishe masomo haya mawili, na kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi iwe ramani ya kijiji kimoja cha Ituri. Nanyi machifu na wakuu wa sekta, mnao makarani na watoza kodi. Kabla ya kununua gari jingine, ajirini kijana mmoja wa jiografia.