Dawa inapokuta njia ya nyongo imezibwa

Mtu akishikwa na homa na kutetemeka, wengi wetu husema ni malaria. Lakini homa hiyo ikiandamana na maumivu chini ya mbavu za kulia, na macho yakigeuka manjano, tahadhari. Dalili hizo tatu zilielezwa pamoja na daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka wa 1877. Hadi leo huwaonya madaktari kwamba huenda viini vimeshambulia mifereji ya nyongo.

Nyongo hutengenezwa na ini, nusu lita au zaidi kila siku, na kupitia mifereji hiyo hadi utumboni, ambako husaidia kusaga mafuta. Mfereji ukizibwa, mara nyingi na vijiwe na pengine na minyoo, nyongo hutuama kama maji ya mtaro uliojaa takataka. Viini vya utumboni, kama vile E. coli, huzaana humo na huweza kuingia katika damu.

Je, dawa hufikaje huko? Antibiotiki, iwe ya kumeza au ya sindano, husafiri kwa damu hadi kwenye ini. Ini huitoa damuni na kuisukuma ndani ya nyongo. Hata hivyo, dawa hazilingani. Karibu asilimia 40 ya seftriaksoni hutoka kwa njia ya nyongo, ilhali jentamaisini hutoka hasa kwa mkojo.

Sasa hapa ndipo penye hatari. Mfereji ukizibwa, nyongo haitiririki, na shinikizo lake huzuia ini kuingiza dawa ya kutosha. Ndiyo maana mgonjwa aweza kutundikiwa dawa nzuri na homa isishuke. Dawa hiyo hupigana na viini vilivyo damuni, lakini sharti njia ifunguliwe. Mara nyingi daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi utumboni, akatoa kijiwe au kuweka kijibomba. Baada ya hapo, dawa za siku 4 hadi 7 kwa kawaida hutosha.

Kwa hivyo, wewe mzazi, nawe mwanafunzi unayeishi peke yako, usinunue vidonge vya kukisia. Vyaweza kupunguza homa kidogo huku mfereji ungali umeziba. Homa pamoja na macho ya manjano ni mambo ya hospitali, siku hiyo hiyo. Hapa si mahali pa kawia ufike.