Wingi wa Bongo Si Wingi wa Maarifa

Apitaye Voi adhuhuri, wakati malori ya Mombasa na ya Taveta yamesimama kupumua, hakosi kuwaona wanaume wawili kivulini, ubao wa dama kati yao, kete zao vizibo vya soda. Wachezaji ni wawili, wasemaji ni kumi. Huyu asema, "Kula!" Yule asema, "Ngoja!" Je, mwenye washauri kumi ana nguvu mara kumi?

Suala hili hili limewashughulisha sana waundaji wa programu za sataranji. Mwaka 1997, mjini New York, kompyuta Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Ndani yake mlikuwa na vichipu 480 vya sataranji, vikikagua kwa pamoja kiasi cha hali milioni 200 za mchezo kila sekunde. Wengi wakakata shauri: ushindi ni wingi wa prosesa, yaani bongo za mtambo.

Walakini wingi una kasoro yake. Katika sataranji, ukishaipata njia njema, huna haja ya kuzichungua zote zilizo dhaifu. Bongo zikifanya kazi kwa wakati mmoja, ubongo huu huhangaika na njia ambayo ule ungeuambia haifai. Ndiyo sababu bongo mbili hazileti kasi mara mbili kamili, na kadiri zinavyozidishwa, faida ya kila nyongeza hupungua. Programu za leo, kama Stockfish, huziachia bongo zote zitafute, lakini zote huandika katika daftari moja la kumbukumbu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ila wakiisoma dira moja.

Kisha tazama mwaka 2009. Programu Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya mkononi, ilitwaa mashindano mjini Buenos Aires, Argentina, kwa pointi 9.5 kati ya 10. Nayo ilikagua chini ya hali 20,000 kila sekunde! Maarifa yaliziba pengo la wingi.

Basi wazazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wasidanganywe kwamba mtoto hawezi kujifunza sataranji mpaka inunuliwe kompyuta ya bongo nyingi. Simu ya kisasa iliyomo mfukoni, ikitiwa programu njema, yamshinda bingwa yeyote. Kinachopungua ni ubao, mwalimu na subira.

Na wale kumi wa kivulini, waseme kwa zamu.