Handala Haombi Laiki



Wengi wetu tunamvaa Handala kwenye fulana: kale katoto ka nywele kama miiba, miguu mitupu, mikono nyuma, ametupa mgongo. Lakini tunamjua?

Aliyemchora ni Naji al-Ali, Mpalestina. Mwaka 1948 familia yake ilifurushwa kijijini kwao Galilaya, akakulia kambi ya wakimbizi ya Ain al-Hilweh, Lebanon. Handala alitokea mara ya kwanza 1969, kwenye gazeti moja la Kuwait. Ana miaka 10, kama Naji alipotolewa kwao, na Naji alisema hatakua mpaka arudi nyumbani. Mwanzo uso ulionekana. 1973 akageuka, kukataa suluhu za kulazimishwa na wakubwa. Julai 1987 Naji alipigwa risasi London, akafariki mwezi uliofuata. Handala bado ana miaka 10.

Angalia katuni zenyewe. Mara nyingi Handala amesimama tu, anatazama yanayowapata watu wake. Na kwa sababu ametupa mgongo, sisi pia tunatazama anakotazama yeye. Haondoki. Kwangu mimi hiyo ndiyo huruma.

Sisi je? Tunasambaza picha za watoto waliokatika viungo, usiku mmoja hata 20, halafu tunafungua klipu ya kuchekesha. Dini yetu inatuamuru kumsitiri maiti. Ungependa ndugu yako aonyeshwe hivyo? Sisemi tunyamaze, la hasha. Taja jina, taja mahali, taja aliyefanya. Lakini mwache marehemu na heshima yake.

Tena tusiishie kwenye simu. Hapa Kenya kuna kina mama ambao vijana wao walichukuliwa, mpaka leo hawajui waliko. Mwezi jana nilimsindikiza mmoja kortini. Posti kuhusu mwanawe ilipata laiki mamia. Kwenye benchi tulikuwa watatu, yeye mwenyewe akiwemo. Kila mlango ukifunguliwa aligeuka kuangalia kama kuna mwingine anaingia.

Wallahi niliona haya, na fulana ya Handala nilikuwa nimeivaa.

Kesi yake itatajwa tena, na tarehe tutaiweka hapa. Huhitaji kujua sheria wala kuhutubia. Njoo ukae kando yake tu, asubuhi moja. Mwambie na rafiki yako.

Wabillahi tawfiq.