Inatoka, Lakini kwa Bei Gani?

Msikilize dalali kwa nusu saa na utayapata yote: hii hailali, ile haidodi, zile zinakwenda kama njugu, zinagombaniwa kama mpira wa kona. Kiwanja ni hela taslimu, kizuri chajiuza, na juu ya yote, soko lipo. Maneno haya si ya uongo mtupu. Yanajibu swali moja, kwamba mnunuzi atapatikana, kisha yananyamaza kuhusu bei atakayotoa, siku atakayokuja na sababu yake ya kununua. Mwenye mali huumia kwenye hayo yaliyonyamaziwa.

Nianze na "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", methali inayopendwa sana na wasiotaka kulipia tangazo. Ingekuwa kweli, kanga ingeuzika kwa rangi na pindo lake peke yake. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kama Abdulla, hakuliachia pindo kazi hiyo. Alizitia kanga zake alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" ili mnunuzi ajue anashika mali ya nani, na mara nyingi yeye ndiye anayetajwa kuwa alianzisha mtindo wa kuandika misemo juu yake. Mpaka leo mwanamke anaweza kuirudisha doti nzuri mezani kwa sababu msemo wake unamrushia vijembe wifi. Mwingine anainunua kwa sababu hiyohiyo, hata rangi haitazami.

Nenda pia Gikomba, Nairobi. Balo la mitumba likishafunguliwa, nguo za daraja la kwanza, zinazoitwa kamera, hutengwa, hupigwa pasi na kutundikwa. Za mwisho kabisa, fagia, humwagwa chini kwa bei ya mafungu. Gauni la kamera likiachwa ndani ya lile rundo litauzwa kwa bei ya rundo. Uzuri wake haujapungua hata kidogo, ila hakuna aliyeutundika.

Dai la pili ni la watu wa maduka ya mtaani: "Weka vitu vinavyotoka kila siku, hutakosa hela." Hapa wapinzani huwa wepesi kusema faida yake ni ndogo mno, na wao ndio wanaokosea hesabu. Chukua mfano wa mtaji wa shilingi 1,000,000 wa sukari, unga na mafuta, unaozunguka mara moja kwa wiki kwa faida ya asilimia 4. Ni shilingi 40,000 kwa wiki, 2,080,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya pango na matumizi mengine. Mtaji uleule ukiwekwa kwenye koki na viungo vya bomba, kwa faida ya asilimia 50 lakini mizunguko miwili tu kwa mwaka, unaleta 1,000,000. Sukari imeshinda.

Imeshinda kwenye karatasi. Mteja mmoja akikopa vitu vya 40,000 kisha akahama mtaa, kazi ya wiki nzima imekwenda naye, na vitu vinavyotoka kila siku ndivyo hivyohivyo vinavyokopwa kila siku. Watu hawakopi koki dukani kwa ajili ya chakula cha jioni. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye dai hili ni moja: vinatoka kwa fedha, au vinatoka kwa daftari?

"Toyota IST haidodi." Hili nalikubali, tena bila kinyongo. Spea zipo kila kona, fundi wa chini ya mwembe anaijua, mafuta haili sana, na mnunuzi wa leo anajua kesho naye atapata wa kumuuzia. Nitaongeza jambo moja tu. Gari linalouzika haraka huwa na bei inayojulikana na kila mtu, na mwenye shida ya hela ya leo atashuka chini ya bei hiyo hata kama gari lake ni IST. Upesi huwa unalipiwa. Dhahabu nayo ni vivyo hivyo: sonara atainunua asubuhi hii, ila atapima uzito, na ule ufundi uliolipia siku ya kununua hutauona kwenye mzani.

"Kiwanja ni hela taslimu" ni dai la kushangaza kidogo. Kenya, kwa mfano, kuuza shamba kunahitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila ridhaa hiyo mauziano ni batili. Kuna ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ambao mnunuzi anaulipa lakini anaupigia hesabu anapokutajia bei. Ardhi ni mali nzuri. Hela taslimu ni ile inayolipa ada ya shule Jumatatu.

Limebaki "soko lipo", na hili ndilo lililowatia watu wengi hasara. Kati ya 2013 na 2014 Kenya ilipagawa na kware. Mayai yao yalisifiwa kwa kila aina ya tiba, bei ikapaa, na watu wakapanga foleni ya leseni kwenye Shirika la Wanyamapori, KWS, kwa kuwa kisheria kware ni ndege wa mwituni. Soko lilikuwepo kweli, na yai lililetwa leo likachukuliwa leo. Ila kabla ya kuuliza "lipo?" ilifaa kuuliza "ni la nani?" Sehemu kubwa ya wanunuzi hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya wakitafuta mayai ya kutotolesha na vifaranga vya kuanzia, na kila aliyeingia alimaliza mzigo wa aliyemtangulia. Kware huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu, kwa hiyo haikupita miezi mingi kabla wanunuzi wote hawajageuka wauzaji. Bei ikaporomoka. Waliokuwa wameshalipwa ni wauza vifaranga, mafundi wa mabanda na wenye mashine za kutotolesha.