Vunjajungu wa Handeni na Korogwe: madai yasiyosimama

Akitajwa vunjajungu mkubwa wa nyika za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mmoja atasema kabakia kidogo tu atoweke, mwenzake atajibu kwamba wapo tele na hakuna haja ya kuhangaika. Wote wawili husema kwa uhakika, na nyuma ya uhakika huo hakuna utafiti. Mdudu mwenyewe ni Idolomantis diabolica, aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza na Henri de Saussure wa Uswisi mwaka 1869. Jike hufikia sentimita 13 hivi. Akitishwa hunyanyua miguu ya mbele na kuanika rangi nyeupe, nyekundu, zambarau na buluu, naye ni miongoni mwa vunjajungu wakubwa kabisa duniani. Kiumbe wa namna hii anastahili kusemewa ukweli, kwa hiyo nayachukua madai yanayomhusu moja baada ya jingine.

Dai linalosikika zaidi, na lenye madhara kuliko yote, ni kwamba kwa kuwa hayumo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa ya viumbe na kiwango cha hatari yao ya kutoweka, basi yuko salama. Orodha hiyo ina ngazi tisa, na mojawapo ni ya viumbe ambavyo havijatathminiwa. Huyu wetu yuko hapo, pamoja na karibu ukoo mzima: aina za vunjajungu zinazojulikana duniani ni zaidi ya 2,400, na zilizowahi kutathminiwa ni chache mno. Mtu ambaye hajapima malaria hawezi kuambiwa hana malaria. Ipo pia ngazi ya viumbe vilivyochunguzwa kisha taarifa zake zikaonekana hazitoshi. Hata huko bado hajafika.

Wa upande wa pili nao husema imethibitishwa kwamba yuko hatarini kutoweka. Imethibitishwa na nani? Ili kiumbe kiwekwe kwenye ngazi ya walio hatarini lazima vipimo vitimie. Mathalani, idadi iwe imeshuka kwa nusu au zaidi katika miaka kumi au vizazi vitatu, au eneo la mtawanyiko liwe chini ya kilomita za mraba 5,000, na pawepo dalili kwamba linazidi kumegeka. Hakuna aliyeleta takwimu za aina hiyo kutoka Handeni wala Korogwe. Yaliyotokea Hispania yanafundisha. Kule yupo vunjajungu mdogo asiye na mabawa, Apteromantis aptera, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa adimu, hata akaingizwa katika sheria za ulinzi za Umoja wa Ulaya. Watafiti walipomtafuta kwa mpango maalumu walimkuta mahali pengi kuliko ilivyodhaniwa, na ngazi yake ya hatari ikashushwa. Mdudu wetu ni mgumu zaidi kuonekana. Tunutu wake hutoka kwenye yai akiwa mweusi anayeng'aa kama siafu, na akikua huwa wa rangi ya jani kavu. Anayepita njiani haraka hawezi kumwona, na kutomwona hakumaanishi hayupo.

Kwamba anaishi Handeni na Korogwe peke yake si kweli. Amerekodiwa Kenya, Uganda, Somalia, Ethiopia, Malawi na Msumbiji pia. Hilo lisimpe mtu usingizi, kwa maana kiumbe huweza kufutika wilaya moja baada ya nyingine huku kitabuni kikiendelea kuitwa cha Afrika Mashariki.

Yapo pia maneno kwamba mdudu huzaa sana, na kwa hiyo hawezi kwisha. Nawaomba wanaosema hivyo wamkumbuke nzige wa Milima ya Rocky kule Marekani, Melanoplus spretus. Katika miaka ya 1870 makundi yake yalifunika anga na kula mashamba ya majimbo mazima. Mwaka 1902 ndio mara ya mwisho kukamatwa akiwa hai. Hakuna aliyekwenda kumwinda mpaka akaisha. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba walowezi walilima na kumwagilia mabonde ya mito alikotaga mayai, na kati ya kundi moja kubwa na jingine mabonde hayo ndiyo yaliyokuwa makazi yake pekee. Wingi wa mayai haukumfaa kitu udongo ulipopinduliwa. Vunjajungu hutaga mayai yake ndani ya kifuko kilichogandishwa kwenye kijiti. Kijiti kikifyekwa au moto wa kuandaa shamba ukipita, kizazi kizima huenda na kijiti hicho.

Nao wanaosema wafanyabiashara wa nje ndio wanaommaliza wana sehemu ya ukweli, ila wameikuza. Ni kweli wafugaji wa wadudu wa Ulaya na Marekani humtamani sana. Ni kweli pia kwamba hakuna vunjajungu yeyote katika orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, kwa hiyo biashara hii haiachi kumbukumbu za kimataifa zinazoweza kukaguliwa. Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na kibali cha muda kilichotangazwa 2022 kiliondolewa baada ya siku chache. Anayeokota majike yaliyobeba mayai anafanya uharibifu, nami simtetei. Lakini katoni ya mwokotaji haiwezi kulinganishwa na tanuri la mkaa. Korogwe imefyekewa mkonge kwa vizazi vingi, tangu Richard Hindorf alipouleta mmea huo nchini mwaka 1893. Angalia Ngombezi, Hale na Magoma. Handeni inakatwa kuni na mkaa, inafunguliwa mashamba ya mahindi, na tangu 2022 kijiji chake cha Msomera kimepokea familia zilizotoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao. Watu wana haki ya kulima na kula. Ninachokataa ni kumbebesha mwokotaji lawama yote ilhali vichaka vinaondoka kwa ekari mchana kweupe.

Kuhusu hoja kwamba anafugwa Ulaya na kwa hiyo hatutampoteza: kizazi cha kwenye masanduku ya kioo hutokana na wazazi wachache, na hakuna mpango wowote wa kukirudisha nyikani. Dume la porini lina papasi pana kama manyoya, nalo hulifuata jike kwa harufu usiku. Dume la sandukuni hupelekewa jike kwa mkono.

Wengine hujituliza kwa hifadhi zilizopo. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997, na ile ya Nilo hulinda misitu ya mvua ya Usambara Mashariki, na ni fahari yetu. Mdudu huyu ni wa pori kavu la migunga na vichaka huku chini, pori ambalo wengi huliita tupu na ndiyo maana hugawiwa kwanza.

Dai la mwisho hunisikitisha kuliko mengine, kwamba kijiji hakina la kufanya mpaka waje wataalamu kutoka nje. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga na kusimamia msitu wake wenyewe, na pori la migunga linaweza kutengwa hivyo. Rasimu ya tathmini ya IUCN huweza kuandikwa na Mtanzania mwenye ujuzi, kisha ikapitiwa na wenzake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaweza kutega taa usiku wakati wa masika na vuli, maana madume huvutwa na mwanga, wakaandika tarehe, mti na kitongoji. Wachungaji na wakata kuni wanaojua vichaka hivyo wanapaswa kulipwa kama wasaidizi wa utafiti, na majina yao yaandikwe kwenye ripoti.