Kibao Kikiondoka, Namba Inabaki

Katika zoezi la tafsiri niliandika "plaki ya gari". Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "kibao cha namba". Alama nilipoteza, lakini kosa silikubali.

Tazama Jaguar E-Type, gari la michezo la Uingereza lililotoka mwaka 1961. Pua yake imeinama na kuviringana. Hakuna mahali bapa pa kufungia kibao, na kikiwekwa mbele ya mdomo wake kinazuia hewa ya kupoza injini. Kwa hiyo wengi wenye magari hayo hubandika stika ya namba juu ya boneti. Hapo kibao kiko wapi? Sisi wa Kasongo tungeiita plaki bila kusita, maana masikioni mwetu neno hilo linataja kazi, si umbo.

Wanasema plaki ni Kifaransa. Na namba je? Imetoka Kiingereza, wala hakuna anayeikata.

Kiswahili kimekaa Kasongo tangu karne ya 19. Mtoto wa hapa asifundishwe kwamba maneno ya mama yake ni makosa. Afundishwe wapi atumie lipi.